Mkalimani wa Mkwe Wangu

Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu aliniuliza juzi kama nimewahi kusikia kitu kinachoitwa uchunguzi kifani. Kabla sijamjibu akaanza kunieleza mwenyewe, maana vijana wakishapata neno jipya hawana subira. Mtafiti wa mambo ya akili, aliniambia, anamchukua mtu mmoja tu, anamkalisha, anamuuliza, anamtazama kwa wiki au miezi, anaandika kila kitu, na kwa huyo mmoja anajifunza jambo linalowahusu wengi. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimeshakasirika, ingawa si yeye aliyenikasirisha. Nikamwambia kitu hicho nakijua, nimekitumikia kabla baba yake hajazaliwa, na sasa aniletee chai.

Chai ilikuja, mjukuu akaenda zake, mimi nikabaki na hasira yangu. Habari hii sijamsimulia mtu yeyote aliyebaki katika nyumba hii. Bibi yao, aliyekuwa na haki ya kunikataza, ametangulia, na mimi nimebakiwa na nguvu za kuandika ukurasa mmoja kwa siku, basi naandika.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini nilikuwa dresa katika hospitali ya kambi ya karanga, Nachingwea, Waingereza walipokuja kulima karanga kwa mashine. Dresa ndiye aliyesafisha vidonda, akafunga bendeji, akachoma sindano mganga mkuu alipokuwa na shughuli, na akabeba lawama za wote. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka walipochoka na mimi. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko tabia yangu, na nilikuwa na koti jeupe ambalo nililipiga pasi mwenyewe kila asubuhi. Watu wa Lionja, kwetu nilikozaliwa, walipokuja kutibiwa waliniita bwana mganga na mimi sikuwasahihisha.

Nilikuwa nimeoa. Kwa desturi yetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, anajenga kwao, analima kwao, na wakwe wanamtazama kama ni mtu au gogo. Kwao mke wangu palikuwa mwendo wa saa mbili hivi kutoka kambini, nyumba ya udongo na bafu la nyasi nyuma yake, mahali pa kawaida kabisa. Mkwe wangu alikuwa mjane, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Kisha watu wa karanga wakafika upande ule. Trekta mbili kubwa zilifungwa mnyororo mmoja mnene kati yao, zikaenda sambamba, na kila kilichosimama katikati kikalala chini. Wenyeji walikuwa wameshaambiwa wahame, wakahama. Mkwe wangu alikwenda kwa kaka yake Likunja, upande wa Ruangwa, pamoja na mke wangu na mtoto wetu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nikahamia chumba cha bati kambini, nikawa nakwenda kwao kila mwisho wa mwezi, kwa lori mpaka Ruangwa na kwa miguu sehemu iliyobaki.

Hapa lazima nieleze ukwe wetu, maana watoto wa siku hizi wanakaa na wakwe zao meza moja wakibishana habari za redioni. Sisi hatukuweza. Nikikutana na mama wa mke wangu njiani, mimi niliingia porini mpaka apite. Sikula mbele yake, sikumtazama usoni, sikuingia alikolala. Akiwa na neno kwangu alimwambia binti yake, na binti yake akaniambia mimi. Kubwa kuliko yote, mkwe hana mwili. Mume wa binti yake hajui kama ana tumbo, hajui kama amewahi kuzaa, ingawa amelala na ushahidi kitanda kimoja. Ukilitamka jambo la mwili wake umemvua nguo, na ukilitamka mbele yake, hakuna faini inayotosha. Haya hatukufundishwa kwa fimbo. Yalikuwa ndani yetu tu, na nilikwenda nayo hospitali chini ya lile koti jeupe.

Sasa daktari. Hakuwa daktari wa dawa. Alitoka Ulaya kutafiti akili za watu wanaotolewa katika maisha yao ya zamani na kutiwa katika kazi za mashine. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kusikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, na wafanyakazi walimpa jina la utani ambalo sitaliandika. Kwanza aliwapa makuli vipande vya mbao vya rangi rangi wavipange, akiwapima kwa saa. Makuli wakapanga vibaya kwa makusudi, kwa sababu walidhani anayepanga vizuri ataongezewa kazi. Akagundua, akacheka mwenyewe, akaviweka vile vipande kabatini. Nilianza kumpenda siku ile.

Akaniita akanieleza anachotaka. Alisema kuwapima watu mia kwa juu juu kumemfundisha kidogo. Anataka mtu mmoja, amjue kabisa, kama vile mtu anavyochimba kisima mahali pamoja badala ya kuparuza uwanja mzima. Alisema katika fani yake wagonjwa wachache waliochunguzwa hivyo, mmoja mmoja, wamefundisha mengi. Akaniuliza kama nitakuwa mkalimani wake huyo mtu akipatikana. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Mtu huyo aliletwa kwa gari la walinzi wa mashamba, saa nne asubuhi, mikono imefungwa kamba ya katani. Walinzi walisema ni mara ya tatu kumkuta katikati ya karanga anachimba kwa jembe. Mara mbili walimfukuza. Mara ya tatu alimpiga mlinzi mmoja kwa mpini begani, na akiulizwa anachimba nini hasemi. Nilitoka na trei yangu ya dawa kumtazama mlinzi aliyeumia. Nikaona miguu ya yule mwanamke kabla sijaona uso, na nikaitambua, nikarudi ndani nikasimama nyuma ya mlango. Alikuwa mkwe wangu. Alikuwa ametoka Likunja kwa miguu, siku mbili njiani.

Nilimwambia daktari kwamba huyu ni mtu wa kwangu, mama wa mke wangu. Nilidhani atatafuta mkalimani mwingine. Yeye alifurahi. Alisema hilo ni jambo jema sana, ataniamini mimi kuliko mgeni. Nikajaribu kumweleza ukwe, kwamba siwezi kukaa naye chumba kimoja wala kumtazama. Alisikiliza kwa makini, akaandika yote, akasema atalimaliza tatizo. Akaagiza shuka litundikwe kwenye kamba katikati ya chumba, mkwe wangu na yeye upande mmoja, mimi upande wa pili kwenye kiti changu. Hivyo nisingemwona wala yeye asingeniona. Aliniuliza kama sasa imekuwa sawa. Nikasema imekuwa sawa. Nilikuwa natamani ile kazi, na nilidhani ukwe unakaa machoni tu.

Kabla hatujaanza aliniambia jambo lililo mbele yake. Mwenye amri wa kambi ametaka huyu mama aondolewe, kwa sababu amempiga mtu. Daktari akiandika kwamba hana hatari na anajua anachofanya, atarudishwa Likunja kwa gari. Akiandika vingine, atapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, bara huko, mbali. Alisema hana haraka. Alitaka kuandika haki, na mimi naamini alitaka kweli.

Tulikaa wiki tano. Kila asubuhi mkwe wangu alitolewa katika chumba cha mwisho cha wodi ya wanawake, akaletwa, akakalishwa mkekani. Daktari aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikauliza kwa Kimwera, lugha yetu, nikiwa nimetazama shuka. Je, analala vizuri? Je, anaota nini? Je, anamkumbuka mumewe? Je, anasikia sauti za watu wasioonekana? Wiki mbili za kwanza hakujibu hata moja. Nilisikia kalamu ya daktari ikiandika hata pale ambapo hakuna kilichosemwa, na baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anaandika jinsi alivyokaa, jinsi alivyoshika magoti, mara ngapi aligeukia dirishani.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Likunja. Mke wangu alinipokea mtoto akiwa mgongoni. Alikuwa ameshapata habari kwa watu wa kijiji jirani cha Nambilanje waliokuwa kambini. Aliniuliza mama amesema nini. Nikamwambia hajasema kitu, na wakati ule ilikuwa kweli. Akaniuliza kama aje. Nikamwambia daktari hapendi watu wengi, na mtoto atasumbua, na mambo yatakwisha tu. Hilo la daktari nililitunga. Sikutaka watu wa kambini waone kwamba mwanamke wa karanga, waliyekuwa wanamwimbia nyimbo za kejeli, ni mama wa mke wangu.

Siku ya Jumatatu iliyofuata mkwe wangu alisema. Daktari alikuwa ameuliza swali dogo, kama chakula kinamfaa. Nikasikia sauti yake, ya chini, na haikuelekea kwa daktari. Ilielekea kwenye shuka.

"Baba," alisema. Ndivyo mama anavyomwita mume wa binti yake. "Najua ni wewe. Nimekujua kwa kikohozi tangu siku ya kwanza. Unisamehe kwa ninayoyatia masikioni mwako, lakini sina mwingine wa kumtuma."

Nilitaka kusimama nitoke. Mguu wangu mmoja ulishanyanyuka.

"Mke wako ana wadogo zake watatu," alisema. "Hukuambiwa, na hukutakiwa kuambiwa. Mmoja alizaliwa kimya. Wawili walikaa siku chache, hawakufika siku ya kutolewa nje. Hao hawawekewi matanga, na wanaume hawawajui, wanazikwa na wanawake. Niliwazika mimi na ndugu zangu nyuma ya nyumba, pale ninapoogea, ili maji yangu yawafikie. Miaka yote nimewaogesha asubuhi na jioni. Sasa nimewaacha wakavu. Mimi sitaki karanga za watu. Nataka udongo wa pale, kiganja kimoja kwa kila mtoto, nikauweke Likunja ninapoogea. Mwambie Mzungu anipeleke, au aniache nipatafute. Nikiupata sirudi tena hapa, na yule kijana niliyempiga nitamwomba radhi."

Nilipokuwa bwana harusi nilitengeneza ua wa bafu lile. Nilipotaka kuchimba shimo la nguzo upande mmoja, mke wangu alinizuia akasema chimba kule, na hakusema kwa nini. Nilidhani ni ubishi wa wanawake nikachimba kule. Haya yote yalinirudia pale kwenye kiti.

Daktari alikuwa anasubiri. Nilijua kila neno kwa Kiingereza. Tumbo, kuzaa, kichanga, kaburi, yote nilikuwa nayo, wala si maneno magumu. Lakini alikuwa ameketi pale, hatua nne kutoka kwangu, mama wa mke wangu, na mimi nilitakiwa kufungua kinywa changu mbele yake nimwambie mwanamume mwingine kwamba huyu amezaa akazika. Hajui Kiingereza, ni kweli. Angejua tu. Kinywa changu kilikataa. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, hata siku nilipoanguka mlevi mbele ya padri.

Nikasema, "Anasema kuna vitu vyake viko ardhini, anavitafuta. Na anataka udongo."

"Vitu gani?" aliuliza daktari.

"Hakusema."

"Lakini amesema muda mrefu."

"Wazee wetu huzunguka sana, bwana," nikamjibu. Hilo nalo akaliandika.

Alifikiri kidogo, akaniambia nimuulize kama anakula udongo. Nikamuuliza. Nikasikia mkeka ukikwaruza, akigeukia shuka, na nilielewa kwamba anajaribu kutafuta swali hilo limetoka wapi.

"Nilikula nilipokuwa na mimba, kama kila mwanamke," alisema. "Kwa nini ananiuliza hilo? Umemwambia nini?"

Mimba tena. Nikamwambia daktari, ndiyo, anakula.

"Mimi nimesema mengi, baba," alisema mkwe wangu. "Mbona wewe umesema machache?"

"Kiingereza ni kifupi, mama," nikamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumjibu mama yule moja kwa moja, na nilimjibu uongo. Kesho yake alilirudia ombi lake, kwa maneno machache zaidi, kama mtu anayempunguzia mbebaji mzigo. Udongo wa mahali pake, tu, viganja vitatu, aende zake. Nikasema anataka udongo. Daktari akaagiza aletewe udongo kwenye sahani, aone atafanya nini nao. Wakachota wa pale nje ya jiko la hospitali. Nilisikia sahani ikiwekwa sakafuni. Baadaye daktari alinieleza kwamba mkwe wangu aliitazama, akamtazama yeye daktari, kisha akaisukuma pembeni na kujifunika uso kwa kanga. Kuanzia siku ile hakusema tena, si kwa daktari, si kwangu, wala kwa wauguzi.

Nimeshadokeza kwamba mimi si mtu mwema sana, na sasa nitasema kwa kiasi gani. Usiku nilishindwa kulala, kwa hiyo asubuhi moja ya Jumapili nilikaa chumbani kwangu nikaandika yote kwa Kiingereza kwenye karatasi ya daftari. Watoto watatu, bafu, maji, viganja vitatu, yote. Iliniwia rahisi. Kalamu haikuona aibu, na karatasi haina mkwe. Nikaikunja nikaitia mfukoni mwa koti, nikakaa nayo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kila nilipopita barazani kwa daktari niliishika kwa vidole. Jumatano alinikuta pale, akanipa bahasha iliyofungwa nimpelekee mganga mkuu, akasema uchunguzi umefika mwisho na ameshaandika anachoamini. Nilijua kilichomo kwa jinsi alivyokwepa kunitazama. Angeweza kuichukua tena ile bahasha. Nilikuwa na karatasi yangu na yeye alikuwa amesimama mbele yangu.

Sikuitoa. Na hapo mwiko haukuwepo tena, sitaki kuusingizia. Kilichokuwepo ni kwamba ningeitoa ile karatasi, angeniuliza kwa nini nilisema hakusema, na kwa nini nilisema anakula. Ningekuwa mkalimani mwongo. Wangenivua koti na kunirudisha Lionja kulima mihogo. Nilipeleka bahasha kwa mganga mkuu, na karatasi yangu niliichoma jikoni kwa wapishi, nikiwaambia ni barua ya mtu anayenidai salamu. Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Walimpeleka kwa garimoshi mpaka pwani, kisha meli, kisha garimoshi tena, mimi sikuwahi kufika huko. Niliomba ruhusa nikamwangalie anavyopanda behewa, nikasimama nyuma ya magunia ili asinione, kama adabu inavyotaka. Alikuwa amevaa gauni la kaniki la hospitali, na askari mwanamke alimshika mkono. Alitazama mashamba yote kwa zamu, upande huu na upande ule wa reli. Mistari ya karanga imenyooka mpaka inapotelea. Sidhani kama aliweza kujua nyumba yake ilikuwa wapi.

Mke wangu aliniuliza tena mama amesema nini, na safari hii alinishika mkono wa shati alipokuwa anauliza. Nikamwambia hajasema kitu.

Daktari naye aliondoka baada ya masika. Alinipa nakala ya karatasi zake, zimepigwa chapa, akisema bila mimi zisingekuwepo. Alisema zitasomwa na wanafunzi wengi. Nilizisoma zote siku moja na hapana mtu aliyewahi kuandikwa kwa uangalifu kama ule. Daktari hakukosea kitu alichokiona kwa macho yake. Aliandika kwamba mkwe wangu alikuwa anakaa uzito wote ukiwa kwenye nyonga ya kushoto. Aliandika kwamba kila alipoletewa maji ya kunawa alimwaga kidogo chini kwanza, polepole, mahali pamoja, hata walipomkataza. Mara ngapi, imeandikwa. Kisha ikaja sehemu ya maana yake, na hapo ilikuwa hazina ya kufikirika iliyofichwa ardhini, na kula udongo, na akili iliyoshindwa kuyapokea mambo mapya. Chini kabisa alimshukuru mkalimani wake mwaminifu, jamaa wa mgonjwa.

Nilimchukia siku ile, kwa sababu lazima nimchukie mtu. Lakini nimekaa na karatasi zile miaka mingi na sasa nasema hivi. Njia yake haikuwa ya kijinga. Mtu mmoja ukimtazama hivyo, kweli anakufundisha. Kosa lake lilikuwa kudhani anamchunguza mtu mmoja, wakati chumbani tulikuwa watatu, na aliyekaa nyuma ya shuka hakuchunguzwa na mtu. Wanafunzi wake huko walikosoma, kama walisoma, walikuwa wanaisoma aibu yangu. Walijifunza kutoka kwangu jinsi mwanamke wa Kimwera anavyorukwa na akili.

Mwaka wa pili barua ilifika kwa mkuu wa wilaya, ikateremka mpaka kwa jumbe wa Likunja, ikasomwa uwanjani. Mkwe wangu amefariki kwa homa ya mapafu, amezikwa hukohuko. Nilikwenda. Tuliweka matanga bila maiti, wanaume mbele ya nyumba, wanawake nyuma. Watu walinipa pole zaidi kuliko wengine kwa sababu walijua nilikuwa naye hospitalini kambini mpaka siku alipoondolewa, na walisema mama yule alikuwa na bahati ya kuwa na mkwe msomi.

Siku ya tatu, saa tisa hivi mchana, nilimwita mke wangu kando ya ghala la ufuta. Nikageukia ukuta, kwa sababu hata kwake sikuweza kuyasema nikimtazama, nikamwambia yote. Watatu, bafu, maji, viganja. Niliyosema na niliyoacha. Sahani. Nilimwambia hata habari ya karatasi niliyoichoma. 

Nilipomaliza nikageuka, nikamkuta anachambua pindo la kanga yake nyeusi.

"Yule wa mwisho nilimbeba mimi," alisema. "Nilikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Mama alichimba, mimi nilimshika. Pale napajua. Hata wangepitisha trekta mara mia, napajua, kwa ule mlima na kwa korongo. Ningeanza safari kwa miguu siku hiyohiyo."

Nikasema najua.

"Sikulaumu kwa kushindwa kulitamka," alisema. "Ungelitamka mbele ya mama, mimi mwenyewe ningekuona huna adabu. Kulitamka si kazi yako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kama chumvi imebaki. "Lakini hospitali nzima ile, hapakuwa na mwanamke hata mmoja ungemkalisha pale kwenye kiti chako?"

Walikuwepo. Wauguzi wasaidizi wawili waliosoma misheni ileile niliyosoma mimi, Wamwera wote, Kiingereza chao kizuri. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akimleta mkwe wangu kila asubuhi na kumkalisha mkekani, kisha akasimama nje ya mlango akisubiri tumalize. Katika wiki tano sikuwahi hata kufikiri kumwomba aingie, maana kazi ya mkalimani ilikuwa yangu.

Nikamwambia mke wangu kwamba walikuwepo. Akajifunga kanga yake upya, akarudi nyuma ya nyumba kwa wanawake wenzake. Mimi nikarudi mbele, nikakaa kwenye jamvi na wanaume, nikaendelea kupokea pole.